Harusi Iliyonyamaza kwa Wimbo wa Hatibu

Siku ile ya video ghalani tulikuwa mimi Mwanahawa, fundi mitambo. Mdogo wangu Hatibu, aliyeutunga wimbo na kuuimba. Elieza wa ngoma, mtoto wa Kisambaa aliyezaliwa Chumbageni na kukulia katika kwaya ya Kilutheri. Feruzi wa gitaa la besi, ambaye siku nyingine zote huuza vipuri vya baiskeli. Na Chidi mwenye kamera, ambaye sote tulimwita dairekta, naye akaitika. Mama Zubeda hakuwa wa kundi letu. Yeye alikuwa na harusi ya binti yake, nyumba ya pili kutoka ghalani. Lakini nisipomtaja hapa juu pamoja na wenzangu nitakuwa nimewadanganya, maana bila yeye wimbo ule usingekuwa kama mnavyousikia.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoshika mitambo leo. Mkinikuta sokoni Makorora mnanisalimia shikamoo, kisha swali ni lile lile: "Bi Hawa, kile kigelegele mwishoni mwa wimbo wa Hatibu mlikitoa wapi? Mlikipachika kwa kompyuta?" Hapana, wanangu. Hakikupachikwa. Nitawaeleza kilivyopatikana, ila mnivumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu fundi hafiki kwenye mluzi wa spika kabla hajafuata waya.

Wazazi wetu walifariki mimi nikiwa darasa la sita. Tulibaki wanne, na mimi ndiye mkubwa. Hatibu alikuwa hajaanza hata kutembea sawasawa. Shule niliiacha bila kuaga mtu. Siku moja sikwenda, na kesho yake sikwenda tena. Mzee Gulam alikuwa na duka la redio na spika za kukodisha, akanichukua nifagie. Nilifagia nimembeba Hatibu mgongoni kwa kanga. Mzee Gulam aliona kwamba kila nikifika kwenye meza ya ufundi ufagio unapunguza mwendo.

"Binti," akaniambia siku moja, "hapo pameshatakata. Unafagia au unatazama?"

"Natazama."

"Basi weka ufagio chini utazame vizuri. Mambo mawili kwa pamoja utayaharibu yote."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Hakunifundisha kwa hotuba. Alinipa chuma cha kulehemu risasi, akanipa redio mbovu ambayo hata ikifa hakuna wa kuililia, akaenda kuswali. Aliporudi nilikuwa nimeunguza kidole na redio inaongea. Akatazama kidole kwanza, redio baadaye. Nimekuwa na wanafunzi wengi tangu hapo, na mara nyingi nimejikuta nataka kutazama redio kwanza. Najizuia kwa sababu yake.

Mambo machache aliyonipa, nawapa. Waya usiuzungushe kwenye kiwiko kama kamba ya ndoo. Unajipinda kwa ndani na kukatika, nawe unamlaumu mwimbaji. Ukunje duara moja hivi, duara moja kinyume, utalala wenyewe. Amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa, vinginevyo spika itapiga kishindo watoto walie. Hapa kwetu pwani chumvi inakula kila kilicho cha shaba, kwa hiyo vichwa vya waya vifute kabla ya kila shughuli, hata kama jana ulivifuta. Na maiki isiyozimwa ni jirani mbea. Hilo nililithibitisha kwenye ndoa moja Chumbageni. Sheikh alimaliza hotuba, mimi nikageuka kuchukua maji, na bwana harusi akamnong'oneza rafiki yake, "Viatu hivi vinaniua. Nikishasema nimekubali navivua hapa hapa." Mtaa mzima ulisikia. Alipokubali, watu walianza kuimba, "Avue! Avue!" Mzee Gulam alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanikataza kugeuka kuchukua maji maisha yangu yote. Mpaka leo nikiwa kazini chupa naiweka mbele yangu.

Hatibu alikulia chini ya meza ile. Kanda za Mzee Gulam zilikuwa za kila aina, na zile ambazo hakuna mteja aliyezitaka zilikuwa za roki, gitaa linalolia kama mtu anayebishana na nafsi yake. Tanga hii ya taarabu na dansi, mtoto akapenda roki. Tena si ile ya fujo. Alipenda ile ya taratibu, inayoanza na gitaa moja na sauti moja, ngoma zinaingia baadaye, na mwishoni kila kitu kinafurika. Mzee Gulam alimpa gitaa lililokuwa na nyuzi nne kati ya sita. "Hizo nyingine mbili," akamwambia, "utazitafuta ukiwa mtu mzima."

Akawa mtu mzima, akawa fundi baiskeli, akazitafuta. Jioni akishafunga kazi alipiga na Feruzi, baadaye akaja Elieza. Watu waliwatania. "Nyinyi mnaomboleza nini kila siku?" Hatibu alicheka tu na kuendelea kukaza nyuzi.

Wimbo wenyewe unaitwa "Mlango Nimeegesha". Alipokuwa mdogo alikuwa hakubali kulala mlango ukikomewa, kwa kuwa aliamini mama yuko safarini. Mimi sikuwa na nguvu ya kumbishia, kwa hiyo niliuegesha, naye akalala. Sikujua kama analikumbuka jambo hilo. Aliponiimbia mara ya kwanza, ameketi juu ya tairi, nilijifanya natafuta bisibisi.

*Mlango nimeegesha, komeo sikulitia,*
*ukija sibishe hodi, sukuma tu, we ingia.*

Basi, sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi, tukadhani ni mafua. Daktari akaangalia, akasema kuna kiuvimbe kwenye nyuzi za sauti, kikatwe, tena mapema. "Utaongea," akamwambia. "Kuimba sikuahidi." Akamkataza kutumia sauti ovyo. Hatibu mwenyewe alikuwa ameshajipima: kwa siku aliweza kuimba wimbo mmoja kwa nguvu zake zote, labda na nusu ya mwingine, kisha koo lilifunga.

Singo, yaani wimbo huo mmoja wa kutolewa peke yake, ilikuwa imesharekodiwa studio. Lakini vijana wa kule, kwa nia njema kabisa, walikuwa wameipiga pasi ile sauti mpaka haina kunyanzi hata moja. Mikwaruzo yote waliiondoa. Tuliisikiliza kwenye simu ya Feruzi mpaka ikaisha. Hatibu akasema, "Nzuri. Lakini Dada, huyu si mimi."

Tarehe ya upasuaji Dar es Salaam ilikuwa imepangwa. Video ilipangwa siku moja kabla ya safari, kwa sababu hapakuwa na siku nyingine ambayo wote walikuwa huru. Nikasema nitachukua mitambo yangu. Video ipigwe kwa sauti ya studio, sawa, lakini siku hiyo hiyo Hatibu aimbe wimbo mara moja, mzima, mimi nirekodi, na sauti hiyo ndiyo tuiweke kwenye singo. Mara moja tu. Akishindwa, basi tena.

Chidi alitaka magofu ya Tongoni, na moshi kidogo. Tukaenda kuomba. Mzee mmoja alitupokea, akatupa maji, akauliza kwa upole, "Mnataka kupiga ngoma juu ya makaburi ya watu?"

"Si ngoma, mzee," Chidi akajibu. "Ni roki."

"Na hiyo roki haina ngoma?"

Elieza akavitazama vijiti vyake, akavificha nyuma ya mgongo. Tukashukuru kwa maji, tukaondoka. Mbele kidogo kwenye barabara ya Pangani kuna shamba la zamani la mkonge, na ghala ambalo siku hizi lina popo tu. Msimamizi alituruhusu. Niliingia, nikapiga kofi moja, nikasikiliza. Mzee Gulam alikuwa akisema usikilize chumba kabla ya mtu. Ghala lile lilirudisha kofi polepole, kama mtu anayekubali baada ya kufikiri. Nikajua tumepata.

Asubuhi ya siku yenyewe Chidi alianza na kitu nilichodhani ni wazimu. Aliucheza wimbo kwa kasi mara mbili. Roki ile ya taratibu ikatoka kwenye spika zangu inakimbia kama ngoma ya mchiriku, sauti ya Hatibu imekuwa ya kitoto, inapiga kelele mlango-mlango-mlango.

"We Chidi!" nikasema. "Unamchezea mdogo wangu?"

"Bibi, tulia. Kamera nayo inakimbia mara mbili. Nikiirudisha kwenye mwendo wa kawaida, midomo itafuata wimbo, lakini vumbi na nywele na kila kitu vitaelea taratibu. Utaona."

Nilikuwa sijawahi kuliona hilo katika kazi yangu yote. Akanionyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Wanangu, vumbi la mkonge lilikuwa linaelea kama unga unaochekechwa, na mdogo wangu yuko katikati yake anaimba bila haraka yoyote. Nikamwomba radhi Chidi. Nikamwambia pia amweleze Hatibu achezeshe midomo tu, asitoe sauti, maana sauti tunaiweka akiba.

Kosa letu lilikuwa jingine, na sote tulilifanya pamoja. Tuliomba ruhusa kwa msimamizi wa ghala, lakini hatukupiga hodi kwa majirani. Tuliona turubai na masufuria nyumba ya pili, tukajua kuna shughuli, na bado tukafungua spika kubwa kama tuko peke yetu duniani. Mtu wa pwani hafanyi hivyo. Unapopeleka muziki mahali penye muziki wa mwenzio, unakwenda kwanza kumwona mwenye shughuli.

Walikuja wao. Tukiwa katikati ya kuurudia wimbo kwa ile kasi, mlango wa ghala ukajaa wanawake wa harusi, sare moja, wanacheza, wanapiga vigelegele, na mbele yao mama mnene mwenye miwani anazungusha leso. Walidhani upande wa bwana harusi wamewaletea bendi kwa kushtukiza! Elieza, ambaye hajawahi kukataa kuchezewa, akaanza kupiga ngoma kweli. Kamera ya Chidi haikushuka. Mpaka wimbo ulipokatika ndipo yule mama akauliza, huku akihema, "Nyinyi mmetumwa na wakwe zetu, akina Shekimweri?"

"Hapana, mama," nikasema. "Tumejituma wenyewe."

Akacheka mpaka miwani ikashuka. Ndiye Mama Zubeda. Wakarudi kwao wakicheka, na dakika chache baadaye muziki wa harusi ukafunguliwa. Didijei wao alikuwa na spika zinazotosha uwanja. Mabati ya ghala yakaanza kutetemeka.

Tulingoja. Tukapiga picha zote zisizohitaji sauti. Jua likapanda. Nilifunga maiki kwa kipande cha kanga ili isimeze upepo, nikafungua, nikasikiliza kwa vifaa vya masikioni, na nilichosikia ni harusi tupu. Hatibu alikuwa amekaa juu ya kreti, anakunywa maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Hakuniuliza kitu. Nilimlea mimi, najua anapoacha kuuliza.

"Tukawaambie wazime kidogo," Chidi akasema.

"Harusi haiambiwi izime," nikamjibu. "Inaombwa. Na anayeomba ni mimi, si wewe mwenye suruali iliyopasuka magotini."

"Bibi, ndiyo mtindo."

"Kaa na mtindo wako hapa."

Nikaenda. Sikwenda moja kwa moja kusema shida. Nilipiga hodi, nikawaamkia wakubwa, nikapewa sahani ya pilau, nikala. Ukikataa chakula cha harusi halafu ukaomba jambo, umelitia jambo lako ndimu. Nilipomaliza Mama Zubeda mwenyewe akaja kunawisha mikono yangu, akasema, "Haya sema, maana umekula kama mtu mwenye neno."

Nikamwambia yote. Jina langu, uvimbe, daktari, safari ya kesho, wimbo mmoja.

Akaniangalia. "Bi Hawa, unajua unachoniomba? Ngoma ya harusi ikikatika katikati watu hutafuta maiti. Wakwe wa mwanangu wameketi pale."

"Najua. Nimepiga harusi umri wangu wote. Sijawahi kumwomba mtu hivi."

"Ni mdogo wako wa tumbo moja?"

"Tumbo moja. Na mgongoni hapa ndipo alipokulia."

Alinikausha mikono kwa leso yake kana kwamba ni mikono ya mtoto. Kisha akasema, "Nitanyamaza. Lakini si bure. Nina binti mwingine, Mwanaidi, wa mwisho. Siku yake utakuja kupiga wewe. Si mwanafunzi wako, si mtoto wa nani, wewe kwa mikono yako. Na hutafunga mitambo mpaka mimi niseme basi."

"Nimekubali."

"Hata ukiwa kikongwe."

"Hata kwa mkongojo."

Akainuka, akamnyang'anya didijei maiki. Nikarudi mbio ghalani, na huko nikasikia sauti yake ikivuka mabati: "Jamani, tunanyamaza kwa wimbo mmoja. Hakuna aliyekufa. Narudia, hakuna aliyekufa! Kuna kaka yetu hapo jirani anaazima kimya chetu, na mimi nimemwazima. Mwenye mtoto amshike. Mwenye simu aizime. Shemeji, na wewe acha kutafuna barafu."

Wakacheka, kisha wakanyamaza. Jenereta lao likazimwa. Wanangu, nimefanya kazi ya sauti maisha yangu, lakini sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Watu zaidi ya mia wako hapo nje, na unasikia popo akijigeuza kwenye dari.

Bati lilikuwa bado linalia kwa joto, tak, tak. Nilinyanyua mkono kuwaomba wenzangu wasubiri. Wingu likapita, bati likatulia. Nikaushusha.

Hatibu aliimba. Ubeti wa kwanza aliuimba kama anavyoongea. Wa pili Feruzi akaingia naye chini kwa chini, na Elieza, yule wa fujo, alizigusa ngoma kama anaogopa kuziamsha. Mkwaruzo ulikuwepo, na mimi sikutaka uondoke, maana ndiyo sauti niliyoijua. Kwenye ubeti wa mwisho, pale sauti inapopanda, ilivunjika. Nilifumba macho. Nilidhani imekwisha. Lakini hakuacha. Aliendelea ndani ya ule mvunjiko, akaupandisha hivyo hivyo, kama mtu anayepanda ngazi iliyopoteza daraja moja. Alifika juu. Gitaa likalia likaisha.

Na kabla sijasimamisha kurekodi, nje huko, mwanamke mmoja akashindwa kuvumilia. Akapiga kigelegele kimoja kirefu. Kisha harusi nzima ikalipuka.

Hicho ndicho mnachokisikia. Chidi alitaka kukikata. "Kitaharibu mwisho, kaka." Hatibu hakuwa na sauti ya kujibu, ilikuwa imekwisha yote. Alitikisa kichwa, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la kreti: KIBAKI.

Tulikwenda Dar, kikakatwa. Leo Hatibu anaongea, sauti imekuwa nzito, ya chini, wateja wapya wa baiskeli hudhani ni mtu mkali. Anaimba za chini, kwa utaratibu. Ile ya juu haikurudi, na hajailalamikia hata siku moja. Nyie mnaiona video kwenye simu zenu, vumbi linaelea, kisha wale wanawake wanaingia wanacheza taratibu kama wako majini. Chidi aliwaacha humo, na alikuwa sahihi. Redio za hapa zilipiga wimbo kwa muda, kisha zikahamia nyimbo nyingine, ndivyo ilivyo. Mimi nashukuru. Namshukuru Mzee Gulam, Mungu amrehemu, kwa kidole alichokitazama kwanza. Nawashukuru Elieza na Feruzi. Nashukuru kwa Chidi na wazimu wake. Nashukuru kwa lile wingu.

Nimestaafu sasa. Vidole havishiki tena nyaya ndogo. Vyombo vyangu vingi nimewauzia ninyi ninyi, na baadhi yenu mnavitunza na baadhi Mungu anawaona. Zimebaki spika mbili na mikisa moja ndogo ya kuchanganyia sauti, nazo kila mara anakuja kijana kuniuliza bei. Nikisema siuzi anadhani nazubaisha ili apandishe. Naziwasha mara kwa mara unyevu usizile, kisha nazifunika.

Mwanaidi alikwenda kusoma uuguzi. Akamaliza, akapangiwa kazi, akachumbiwa, akakataa. Juzi Mama Zubeda alinipigia simu.

"Shikamoo Bi Hawa."

"Marahaba. Vipi huko?"

"Mwanaidi kakataa mchumba tena. Wa Muheza, mtu mzuri, ana heshima zake. Anasema hajawa tayari."

"Mwache, mama. Asiharakishwe."

"Sijamharakisha. Nimekupigia kukuuliza wewe. Mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Magoti tu."

"Basi yakande hayo magoti," akasema, "na ubaki mzima. Una deni langu."